Chale mbili kwenye jeni yenye pacha: kisa cha kuizima PTEN katika seli za RPE1

Kisa hiki kilitokea katika maabara ya chuo kikuu kimoja barani Ulaya. Majina ya watu, chuo na tarehe nimeyaondoa. Aliyefanya kazi hii ni mwanafunzi wa uzamivu. Mimi niliitwa baadaye, mambo yalipokuwa yamekwama, kutazama data kwa jicho la mgeni. Naandika kwa sababu kosa lenyewe halikuwa la uvivu. Mwanafunzi alichagua mbinu salama kuliko zote zilizokuwepo, akaifuata kwa makini, na usalama wa mbinu hiyo ndio uliomfumba macho.

Usuli

Seli inapopata ishara ya kukua, kwa mfano insulini inapogusa kipokezi chake, kimeng'enya kiitwacho PI3K hupachika fosfeti moja ya ziada kwenye mafuta fulani ya utando, yakawa PIP3. PIP3 huivuta protini AKT hadi utandoni. Huko AKT nayo hupachikwa fosfeti mahali pawili, threonini ya 308 na serini ya 473, na kuanzia hapo seli hula, hukua na hukataa kufa. Protini ya jeni ya PTEN ndiyo inayoondoa ile fosfeti ya ziada na kuirudisha PIP3 kuwa PIP2, yaani mafuta yale kama yalivyokuwa mwanzo. Ikikosekana, AKT hubaki macho hata pale ambapo hakuna aliyeiita. Ndiyo maana tangu jeni hii ilipotambuliwa mwaka 1997 kwenye mkono mrefu wa kromosomu ya 10, imekuwa ikikutwa imeharibika katika saratani za aina nyingi.

Maabara ilitaka kujua kama AKT isiyolala hubadilisha silia, kile kijinywele kimoja ambacho seli nyingi hukichomoza kama antena. Seli zilizochaguliwa ni RPE1, zinazotokana na tabaka lenye rangi nyuma ya retina ya jicho la binadamu na kupewa telomeresi, kimeng'enya kinachotunza ncha za kromosomu, ili zisizeeke. Ukizinyima seramu kwa siku moja au mbili, huchomoza silia vizuri sana. Isitoshe, p53 yake, protini inayozisimamisha seli zenye DNA iliyojeruhiwa, ni nzima, tofauti na seli nyingi za maabara, kwa hiyo mwenendo wake unakaribia ule wa seli ya kawaida.

Kazi ilikuwa kuizima PTEN kabisa, kupata angalau kloni mbili, yaani koo za seli zilizokuzwa kila moja kutoka seli moja, zisizotokana na seli mama mmoja, kisha kuangalia silia. Kwenye karatasi ilionekana kazi ya miezi minne.

Kwa nini jozi ya nikasi

Cas9 ya kawaida, kimeng'enya cha kukata DNA katika mbinu ya CRISPR, ile ya bakteria Streptococcus pyogenes, ina visu viwili. Kimoja, HNH, hukata uzi wa DNA ulioshikana na RNA elekezi, ile RNA fupi inayoionyesha Cas9 mahali pa kukata. Cha pili, RuvC, hukata uzi wa upande wa pili. Ukibadilisha asidi amino ya 10 kutoka aspateti kuwa alanini, RuvC hufa na HNH hubaki. Cas9 ya namna hiyo ndiyo nikasi D10A. Haikati DNA ikaachana. Inaichanja tu uzi mmoja. Sisi maabarani tuliziita chale, na nitaendelea na neno hilo.

Chale moja seli huirekebisha vizuri, kwa kuwa uzi wa pili upo na unatumika kama nakala ya kusahihishia. Lakini ukipiga chale mbili zilizokaribiana, moja kila uzi, DNA hukatika kabisa, na ukarabati wa haraka huacha herufi zimepungua au zimeongezeka. Idadi ya herufi hizo isipogawanyika kwa tatu, jeni haisomeki tena kuanzia pale.

Faida yake ni rahisi kuielewa. RNA elekezi ikikosea njia na kuchanja mahali pengine, inachanja peke yake, na jeraha hupona bila kovu. Mwaka 2013 makundi mawili ya Marekani, la Feng Zhang na la George Church, yalionyesha kuwa mbinu hii inafanya kazi katika seli za binadamu. La Zhang liliripoti kuwa makosa ya pembeni hupungua kati ya mara 50 na mara 1,500 katika maeneo waliyoyapima. Likaonyesha pia mpangilio unaofaa: PAM za RNA zote mbili (herufi chache za DNA zinazoishia na GG, ambazo lazima ziwe kando ya lengo ili Cas9 ishike) zitazame nje, na nafasi kati ya RNA hizo iwe kati ya herufi −4 na 20, maana yake zinaweza hata kupishana kidogo.

Mwanafunzi alisema: kwa kuwa PTEN ni jeni ya ishara, na njia hii ya ishara ina ndugu wengi, sitaki jeraha lolote la pembeni linichafulie silia zangu. Hoja nzuri. Msimamizi alikubali siku hiyo hiyo.

Awamu ya kwanza

Alichagua eksoni ya tano (eksoni ni kipande cha jeni kinachobaki kwenye RNA iliyokamilika). Ina herufi 239 na ndiyo yenye kiini cha kazi ya PTEN, ikiwemo sisteini ya 124 ambayo bila yake kimeng'enya hakifanyi kitu. Jozi ya RNA elekezi ilikaa ndani ya eksoni, PAM nje, nafasi sahihi. Programu ya kutafuta makosa ya pembeni ilimpa orodha mbili, moja kwa kila RNA. Kwenye kila orodha mstari wa kwanza ulikuwa mahali fulani kwenye kromosomu ya 9. Akaandika kwenye daftari: "chale moja, haina madhara." Tutairudia sentensi hiyo.

Plasmidi aliyotumia, duara dogo la DNA la kupeleka jeni ndani ya seli, ni pX462, yenye nikasi pamoja na jeni ya ukinzani wa puromisini, dawa inayoua seli. Mpango ulikuwa kumwaga puromisini siku ya pili, zife zote ambazo hazikupokea plasmidi. Siku ya tano nilimkuta amesimama mbele ya darubini.

"Kaka, hizi seli zimegoma kufa."

Hata sahani ambayo haikupewa plasmidi yoyote ilikuwa imejaa, seli zinang'aa. Ni jambo linalojulikana kwa wanaozifuga RPE1, ila mara nyingi hupitishwa kwa mdomo: seli hizi, jinsi zilivyoenea katika maabara nyingi, tayari zina ukinzani wa puromisini. Wiki tatu zilipotea hapo. Akahamia pX461, plasmidi ile ile lakini yenye protini ya kijani GFP badala ya ukinzani, na mashine ya kuchambua seli ikadondosha seli ya kijani moja moja katika sahani za visima 96.

Kloni 24 zilikua. Ili kuzipima, alitengeneza vianzio vya PCR, vipande vifupi vya DNA vinavyoweka mipaka ya eneo la kunakiliwa, vilivyokaa ndani ya eksoni ya tano, akazalisha kipande kifupi, kikasomwa kwa maelfu ya nakala. Akaweka kigezo: kloni yenye zaidi ya asilimia 70 ya nakala zilizoharibika inagandishwa, nyingine zinatupwa. Tano zilipita.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kupingana. Kloni ya 17, iliyoongoza kwa takriban asilimia 80 ya nakala zilizoharibika, bado ilikuwa na protini ya PTEN kwenye westani bloti, kipimo kinachoonyesha protini kwa kutumia kingamwili. Imefifia, lakini ipo. Kloni ya 11, iliyokuwa na asilimia 60 tu na ikatupwa, mabaki yake kwenye friza hayakuonyesha PTEN hata kidogo. Yenye uharibifu mwingi ina protini, na yenye uharibifu mdogo haina. Mwanafunzi alilaumu kingamwili, akanunua nyingine. Jibu likawa lile lile.

Mahali fundo lilipofunguka

Nilipoletewa data, niliomba kwanza kuona seli ambazo hazikuguswa. Humo, karibu nakala mbili katika kila tano zilikuwa na herufi moja tofauti na mfuatano wa rejea. Kwenye daftari ilikuwa imeandikwa kuwa ni tofauti ya kawaida ya mtu aliyetoa seli. Lakini tofauti ya kurithi kwa mzazi mmoja hutoa nusu kwa nusu. Mbili ya tano inatoka wapi?

"RPE1 ina nakala ngapi za PTEN?" nikamuuliza.

"Mbili, kaka. Si ina kromosomu 46?"

Ni kweli ni 46, lakini moja ya X zake imebandikwa kipande kirefu cha mkono wa kromosomu ya 10, kuanzia eneo liitwalo 10q21 hadi ncha. PTEN iko 10q23, ndani ya kipande hicho. Kwa hiyo RPE1 ina PTEN tatu.

Na zile mbili? Ni PTENP1. Hii ni jeni bandia iliyoko kwenye kromosomu ya 9: zamani sana RNA ya PTEN iligeuzwa kuwa DNA na kuchomekwa huko. Kwa kuwa ilitokana na RNA iliyokwisha kukatwa na kuunganishwa, haina introni hata moja, vile vipande vya katikati ya eksoni vinavyokatwa na kuondolewa. Katika sehemu yote inayotafsiriwa inatofautiana na PTEN kwa herufi 18 hivi tu, na moja ya tofauti hizo imeharibu kodoni ya kuanzia, zile herufi tatu zinazoashiria mwanzo wa usomaji, ndiyo maana haitoi protini. Pacha aliye bubu, tuseme.

PTEN tatu na PTENP1 mbili ni tano. Vianzio vilivyokaa ndani ya eksoni vilikuwa vinazisoma zote kama jeni moja. Kloni ya 11 ilikuwa imevunjwa PTEN zote tatu huku PTENP1 zikibaki nzima: tatu ya tano, asilimia 60, hakuna protini. Ndiyo kloni tuliyokuwa tunaitafuta, na ilikuwa imetupwa. Kloni ya 17 ilivunjwa PTENP1 zote mbili na PTEN mbili, ikabaki moja nzima: nne ya tano, protini ipo. Kigezo cha asilimia 70 kilikuwa kimechuja kinyume. Katika hesabu ya tano, kuvuka 70 kunahitaji lazima angalau PTENP1 moja iwe imevunjwa. Alikuwa amegandisha tano ambazo zote zimejeruhiwa kwenye pacha.

Turudi kwenye ile sentensi ya daftari. Kila RNA kwa upande wake ilikuwa na nafasi kwenye kromosomu ya 9, na kila moja ilihesabiwa kuwa chale isiyo na madhara. Hakuna aliyeziweka orodha hizo mbili kando kwa kando na kuona kuwa nafasi hizo zilikuwa jirani, kwa mpangilio ule ule na umbali ule ule kama kwenye PTEN. Zilikuwa chale mbili, na DNA ya kromosomu ya 9 ilikatika kama ya kromosomu ya 10.

Maamuzi na sababu zake

Msimamizi alipendekeza kwanza tuendelee na kloni zilizokuwepo: PTENP1 haitoi protini, basi inatuhusu nini? Tulilikataa pendekezo hilo kwa sababu mbili. Tangu 2010 inajulikana kuwa RNA ya PTENP1 hunasa mikroRNA, RNA fupi sana za kuzima jeni, ambazo vinginevyo zingeikandamiza PTEN, kwa hiyo kuigusa ni kugusa njia ile ile ya ishara. Na seli iliyokatika kromosomu ya 9 na ya 10 kwa wakati mmoja inaweza kuunganisha vipande visivyohusiana. Sitaki kueleza silia za seli ambayo kromosomu zake sizijui.

Cas9 za uaminifu mkubwa, zile zilizobuniwa zisivumilie herufi isiyolingana, zilijadiliwa kwa dakika tano. Pale ambapo mfuatano unalingana kabisa, uaminifu haukusaidii. Kisu kinakwenda kilikotumwa. Kuandika kodoni ya kusimama kwa kuhariri herufi moja kungekuwa na tatizo hilo hilo. Seli za HAP1, zenye seti moja tu ya kromosomu, zingerahisisha hesabu, lakini p53 yake si nzima, na maabara ilikuwa na data ya miaka ya silia katika RPE1.

Tulichofanya ni kuitumia tofauti moja kubwa kati ya mapacha hao: introni. RNA elekezi moja ilihamishiwa kwenye introni ya nne, karibu na mpaka wa eksoni ya tano; ya pili ikabaki ndani ya eksoni. Kwenye PTEN kunapigwa chale mbili. Kwenye PTENP1 ile ya introni haina pa kushika, kwa hiyo inapigwa moja tu, na hiyo hupona. Hapa nikasi ilishinda Cas9 ya kawaida kwa haki: Cas9 nzima yenye RNA ya eksoni ingemkata pacha vilevile.

Introni hiyo ina A na T nyingi, GG za PAM ni adimu, na tulipata jozi moja tu yenye mpangilio unaokubalika. Safari hii kila RNA ilijaribiwa kwanza peke yake, kwa Cas9 nzima, katika sahani ya majaribio tu. Jozi hufanya kazi kwa nguvu ya RNA dhaifu kuliko mwenzake, na kama ingekuwa imekufa ni afadhali kulijua mapema. Ile ya introni ilikuwa dhaifu, lakini ilikata.

Plasmidi tuliziacha. Tulitumia protini ya nikasi iliyokwisha kushikana na RNA zake, ikaingizwa kwa mshtuko wa umeme. Hukaa ndani ya seli siku chache tu, haihitaji puromisini, na seli haipati nafasi ya kupokea RNA moja bila nyingine kama ilivyokuwa ikitokea kwa plasmidi mbili.

Vianzio vipya vya PCR vilikaa ndani ya introni pande zote mbili za eksoni, mbali na eneo la kukata. PTENP1 haina introni, haiwezi kuzaliwa na vianzio hivyo. Kwa ajili ya PTENP1 yenyewe tulitengeneza vingine vinavyoshika DNA ya kromosomu ya 9 iliyoizunguka.

Matokeo

Kloni zilizokua zilikuwa 36. Nyingi zilikuwa na PTEN moja au mbili zilizovunjika kati ya tatu. Tatu hazikuwa na mfuatano mzima hata mmoja, na PTENP1 ilikuwa safi katika zote tatu.

Ya kwanza kati ya hizo ilionyesha mfuatano wa aina mbili tu. Mtu mwenye haraka angesema nakala mbili zimefanana. Kipimo cha idadi ya nakala kilionyesha kuwa eneo lile lina nakala mbili, si tatu; ya tatu ilikuwa imepoteza kipande kikubwa pamoja na mahali pa kianzio. Bado PTEN imezimwa, lakini tukaandika wazi.

Ya pili ilikuwa imepoteza, kwenye nakala moja, herufi zinazoashiria mwanzo wa eksoni. RNA yake iliruka kutoka eksoni ya nne hadi ya sita. Kwa bahati njema 239 haigawanyiki kwa tatu, kwa hiyo mruko huo nao unavuruga usomaji. Kama eksoni ingekuwa na herufi 240, tungekuwa na PTEN fupi inayozurura ndani ya seli.

Ya tatu ilikuwa na nakala moja iliyopoteza herufi sita: asidi amino mbili tu, mengine yote yanasomeka. Protini ilionekana kwa mbali. AKT yake ilikuwa imewaka kama za wenzake, na mwanafunzi alitamani kuihesabu. Tuliiondoa. PTEN ina kazi nyingine zisizohusu PIP3, na hatukuwa na njia ya kujua mabaki hayo yanafanya nini.

Katika kloni mbili zilizobaki, fosfeti kwenye serini ya 473 ya AKT ilikuwa juu hata baada ya seli kunyimwa seramu usiku kucha, na ilishuka tulipotia wotimanini, kizuizi cha PI3K. Tulipozirudishia PTEN nzima, ilishuka. Tulipozirudishia PTEN ambayo sisteini ya 124 imegeuzwa serini, haikushuka. Kipimo hicho cha mwisho ndicho kilichonifanya niamini, kuliko bloti zote.

Tulipima pia p53. Mwaka 2018 ilionyeshwa, katika RPE1 hizi hizi, kuwa kuikata DNA huamsha p53 na kuzisimamisha seli, kwa hiyo zinazopona na kukua haraka zinaweza kuwa zile zilizokuwa na p53 mbovu tangu mwanzo. Kloni zetu mbili zilipopewa natlini, dawa inayoamsha p53, zilipandisha p21, protini ambayo p53 nzima huiwasha, kama seli mama. Kuhusu silia kuna andiko lake, si hili.

Uchambuzi

Jozi ya nikasi inakinga bahati mbaya: RNA moja kupotea njia huku, nyingine kule. Haikingi pale ambapo mfuatano mzima wa eneo umenakiliwa mahali pengine, kwa kuwa huko hakuna aliyepotea. Zote mbili zimefika zilikotumwa. Takwimu za 50 hadi 1,500 ni za kweli, ila zinajibu swali jingine. Kabla ya kuchagua mbinu ilibidi kuuliza kama jeni ina nakala bandia au ndugu wa karibu mno, na jibu la PTEN lilikuwa kwenye hifadhidata yoyote ya jenomu.

Kilichoniuma zaidi ni kigezo cha asilimia 70. Kiliwekwa kabla ya kujua idadi ya nakala, na kikaharibu kwa utaratibu, si kwa bahati. Kama kloni zote 24 zingegandishwa, chupa ndogo 24 tu, kloni ya 11 ingekuwepo na awamu ya pili ingehitajika kwa ajili ya kloni moja tu ya pili. Siku hizi maabara hiyo haitupi kloni kabla ya westani bloti.

Kilichofanya kazi hakikuwa kigumu. Kusoma seli zisizoguswa kwa makini yale yale tunayoyapa zilizoguswa kulitosha kuonyesha ile mbili ya tano, na data hiyo ilikuwepo tangu wiki ya kwanza ya kusoma kloni. Mwanafunzi aliiona, akaiandika, akaipa jina lisilo lake. Sidhani kama mimi ningefanya tofauti siku ile, nikiwa na seli zinazogoma kufa na msimamizi anayeuliza kila Jumatatu.

Kuhusu puromisini sina mengi: jaribio la sahani moja ya seli na dozi chache, siku nne, kabla ya kuagiza plasmidi, lingetosha.

Zile kloni tano za awamu ya kwanza hazikutupwa. Ziko kwenye naitrojeni kimiminika, vifuniko vyekundu. Ya 17 hutolewa kila anapokuja mwanafunzi mpya wa uhariri wa jeni. Hupewa DNA yake, vianzio vile vya zamani vya ndani ya eksoni, na karatasi tupu, akaambiwa aeleze kwa nini protini bado ipo. Aliyefaulu haraka kuliko wote mpaka sasa alianza kwa kuomba seli mama.